Kontena limezuiwa, benki inauliza, barua imefika: kutafuta chanzo cha matatizo ya forodha na vikwazo Ulaya

Simu nyingi ninazopokea huanza na neno "wamezuia". Forodha wamezuia kontena, benki imezuia malipo, kampuni ya meli imezuia hati. Nimekuwa wakala wa forodha katika bandari za kaskazini mwa Ulaya kwa muda wa kutosha kujua kwamba shida hizi huonekana mahali pamoja na kuzaliwa mahali pengine. Kontena linakwama Antwerp, kumbe kosa liliandikwa Moshi wiki sita nyuma, kwenye ankara, na mtu mwaminifu aliyekuwa na haraka.

Nawaandikia wenye kampuni zilizosajiliwa ndani ya Umoja wa Ulaya: mwenye duka la kahawa Utrecht, muuza vipuri wa Hamburg, anayejaza kontena la mtumba Liège kupeleka Mombasa. Kabla ya kumpigia mtu yeyote, kusanya karatasi zote za mzigo huo, na kwa kila karatasi jibu maswali matatu: ni kitu gani, kimetoka wapi, na nani yuko upande wa pili. Karatasi mbili zikitoa majibu tofauti, umeshapata pa kuanzia. Halafu tafuta dalili yako hapa chini.

Dalili: mzigo umefika lakini tamko la forodha halipokelewi

Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni nambari ya EORI, yaani nambari ya utambulisho wa mfanyabiashara kwa forodha. Kampuni yoyote inayoingiza au kutoa bidhaa katika Umoja wa Ulaya lazima iwe nayo. Huombwa katika nchi kampuni iliposajiliwa, na nambari hiyo moja inatumika katika nchi zote 27. Wengi husajili kampuni wakidhani nambari inakuja yenyewe. Wengine wana kampuni London na wanatumia nambari inayoanza na GB bandarini Rotterdam. Tangu 1 Januari 2021 haikubaliki huko.

Chanzo cha pili ni masharti ya mauzo. Muuzaji wa Arusha amekubali DDP, yaani yeye alipe kila kitu hadi mlangoni kwako, ushuru ukiwemo. Inapendeza masikioni, lakini kampuni yake haina makao ndani ya Umoja. Hawezi kutoa tamko bila wakala anayekubali kubebeshwa deni la ushuru pamoja naye, na mawakala wengi hukataa mzigo huo wa watu wasiowajua. Badilisheni masharti kabla meli haijaondoka, wewe uliyeko Ulaya uwe ndiye mwagizaji.

Chanzo cha tatu ni maelezo ya bidhaa. Mfumo wa ICS2, unaopokea taarifa za shehena kabla haijafika, unataka msimbo wa HS (uainishaji wa kimataifa wa bidhaa) wa tarakimu sita na maneno yanayoeleweka. "Vyakula", "vipuri" na "bidhaa mchanganyiko" hurudishwa. Andika "karafuu kavu nzima, hazijasagwa" na utapita.

Jambo moja watu hulichanganya sana: sheria ya forodha inaruhusu bidhaa kukaa katika hifadhi ya muda hadi siku 90, lakini siku za bure za kontena unazopewa na kampuni ya meli ni chache kuliko hizo kwa mbali. Ukisikia "una siku 90", usidhani gharama za kuchelewesha kontena zinasubiri.

Dalili: ushuru umekuja mkubwa kuliko hesabu yako

Hapa ndipo pesa nyingi za ndugu zetu zinapopotea, nami nitakaa hapa. Ushuru unasimama juu ya vitu vitatu: msimbo wa bidhaa, uasili wake, na thamani yake. Chunguza kimoja kimoja kwa mpangilio huo.

Msimbo kwanza. Kahawa mbichi isiyoondolewa kafeini inaingia Umoja wa Ulaya kwa ushuru wa asilimia 0, itoke nchi yoyote. Ikishakaangwa, kiwango cha kawaida ni asilimia 7.5, na ikikaangwa baada ya kuondolewa kafeini ni asilimia 9. Ankara iliyoandikwa "kahawa" tu inamwachia mtu mwingine akuamulie. Kwa walioko Ujerumani kuna jambo la ziada: nchi hiyo ina kodi yake ya kahawa, euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa na euro 4.78 kwa kilo ya kahawa ya kuyeyusha. Hii si ushuru wa forodha. Inadaiwa hata kahawa ikikaangwa Uholanzi na kuvushwa mpaka kwa gari, mahali ambapo hakuna afisa wa forodha anayekusimamisha. Kilo 500 ni euro 1,095, na mfanyabiashara mdogo akija kuitambua baadaye, faida yote ya msimu imekwenda.

Ukiwa na bidhaa ambayo msimbo wake unabishaniwa, usibahatishe mwaka hadi mwaka. Omba uamuzi rasmi wa msimbo, unaojulikana kwa kifupi chake BTI. Mamlaka ya forodha ina hadi siku 120 za kuutoa tangu ikubali maombi, unadumu miaka 3, na unawafunga maofisa wa nchi zote za Umoja.

Uasili ni wa pili, na ndio wenye mitego zaidi kwa bidhaa za kwetu. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo (ya Kinshasa) zimo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni, kwa hiyo bidhaa zao zinaingia Ulaya bila ushuru chini ya mpango wa EBA ulioanza mwaka 2001: kila kitu isipokuwa silaha. Kenya haimo katika orodha hiyo. Njia yake ni mkataba wa ubia wa kiuchumi kati yake na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika 1 Julai 2024. Matokeo ni yale yale, ushuru sifuri, lakini karatasi ni tofauti. Kwa Tanzania na wenzake, muuzaji aliyesajiliwa katika mfumo wa REX, daftari la wauzaji nje la Umoja wa Ulaya, huandika tamko la uasili kwenye ankara au hati nyingine ya kibiashara. Kwa Kenya, karatasi utakayokutana nayo mara nyingi ni cheti cha EUR.1 kilichothibitishwa na forodha ya Kenya. Ukileta karatasi ya njia moja kwa mzigo wa njia nyingine, unalipa kiwango cha kawaida kana kwamba hukuwa na haki yoyote.

Kwa EBA, kumbuka mambo haya. Mzigo usiozidi euro 6,000, muuzaji yeyote anaweza kuandika tamko la uasili. Ukizidi hapo, lazima awe na nambari ya REX, na unaweza kuihakiki kwenye kanzidata ya wazi ya Kamisheni ya Ulaya kabla hujalipa hata senti. Tamko linadumu miezi 12. Na anayeliandika ni muuzaji nje aliyeko katika nchi ya asili, si dalali.

Hilo la mwisho linanileta kwenye karafuu. Kuna mteja wangu aliyenunua karafuu za Pemba kutoka kwa mfanyabiashara wa Dubai. Zilikuwa za Pemba kweli, hilo sikulitilia shaka. Lakini zilifika Dubai kwenye magunia, zikafunguliwa, zikachambuliwa na kutiwa kwenye mifuko mipya ya kilo 10, na ankara iliyokuja Ulaya ilikuwa ya Dubai yenye maneno "asili: Tanzania". Sheria inaruhusu bidhaa ipite nchi ya tatu, ikae ghalani, hata ibandikwe lebo, mradi haikubadilishwa zaidi ya kuhifadhiwa isiharibike, na mzigo ukigawanywa uwe chini ya uangalizi wa forodha. Kuchambua na kufungasha upya kumetoka nje ya mpaka huo. Alilipa ushuru kamili kwa karafuu ambazo zingeingia bure kama zingepakiwa Zanzibar katika mifuko ile ile. Iliniuma, kwa sababu hakuna aliyedanganya. Tangu hapo nikiona bidhaa ya Afrika Mashariki imepitia Ghuba, naomba kwanza hati ya shehena ya safari nzima.

Thamani ni ya tatu. Umoja wa Ulaya unatoza ushuru juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima hadi bidhaa inapoingia katika eneo lake. Ankara yako ikisema FOB Dar es Salaam, yaani bei ya bidhaa ikiwa imepakiwa melini tu, nauli ya meli itaongezwa. Usiposema wewe, afisa atakisia. Upande wa pili, watu hulipa zaidi ya wanachodaiwa. Nauli ya lori kutoka Rotterdam hadi Munich haimo katika thamani ya ushuru, ilimradi imeandikwa kwa mstari wake. Ikimezwa ndani ya bei moja ya jumla, unaitozwa ushuru.

Kabla sijaondoka kwenye uagizaji: kwa bidhaa za kilimo hai, cheti cha ukaguzi kinatolewa kwenye TRACES, mfumo wa mtandaoni wa Umoja wa Ulaya, kabla mzigo haujaondoka nchi ya asili. Kikitolewa baadaye, neno "hai" limekwisha, na hakuna la kufanya. Kwa chuma, alumini, saruji na mbolea kuna CBAM, tozo ya mpakani ya hewa ukaa iliyotoka wakati wa kuzalisha bidhaa, ambayo awamu yake rasmi ilianza 1 Januari 2026. Mwagizaji asiyefikisha tani 50 kwa mwaka amesamehewa. Misumari na bolti za kutoka nje ya Umoja zinatakiwa pia ushahidi kwamba chuma chake hakikutoka Urusi, kwa kawaida cheti cha kiwanda kilichoyeyusha. Na sheria ya Umoja dhidi ya bidhaa zilizotokana na ukataji wa misitu, inayogusa kahawa na kakao, imeahirishwa mara mbili, lakini waliosubiri tarehe ya mwisho watajuta: kupata alama ya ramani ya kila shamba la mwanachama wa ushirika wa Kilimanjaro au Bugisu si kazi ya wiki moja. Shamba la hadi hekta 4 linatosha nukta moja; kubwa zaidi lichorwe mipaka yake. Anza sasa na ushirika mmoja.

Dalili: benki imeshikilia malipo na inauliza maswali

Usikasirike, na usikimbilie benki nyingine. Kuna vyanzo vinne, na vitatu kati yake havina ubaya.

Cha kwanza ni jina. Watu wa pwani yetu hatuna jina la ukoo kwa namna ya Kizungu. Mtu ni jina lake, la baba na la babu. Mohamed kwenye pasipoti huwa Muhammad kwenye ankara na Mohammed benki. Programu ya benki inalinganisha herufi na orodha za vikwazo, na majina kama Mohamed Ali au Salim Abdallah yanagonga watu chungu nzima wasiohusiana. Tiba ni kumtofautisha mtu: majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, yale yale katika kila karatasi, pamoja na tarehe na mahali alipozaliwa. Benki ikimaliza uchunguzi, omba ithibitishe kwa maandishi kwamba si mtu yule, na uhifadhi barua hiyo kwa malipo yajayo. Jambo moja nakusihi: usibadilishe tahajia ya jina ili malipo yapite. Kwa macho ya mchunguzi, mtu anayebadilisha herufi ana cha kuficha, na ukishawekwa kundi hilo ni kazi kubwa kutoka.

Cha pili ni neno lililoandikwa kwenye maelezo ya malipo. "Kahawa ya Kivu" inaweza kusimamisha pesa wiki nzima. Mweleze ofisa wa benki kwa utulivu kwamba Umoja wa Ulaya haujapiga marufuku biashara na Kongo. Vikwazo vyake vya huko ni vya silaha na vya watu na taasisi zilizotajwa kwa majina. Mpe ankara, hati ya shehena na jina la ushirika. Madini ni habari nyingine. Bati, tantali, tungsteni na dhahabu zina sheria yake ya uchunguzi wa chanzo tangu 1 Januari 2021, na Machi 2025 kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo, Kigali, kiliwekwa kwenye orodha ya vikwazo. Anayegusa dhahabu ya ukanda huo asianze bila mwanasheria.

Cha tatu ni dola. Kampuni ya Ubelgiji inailipa kampuni ya Dar es Salaam, wote hawana uhusiano na Marekani, lakini malipo ya dola kwa kawaida hupitia benki ya Marekani, na hapo sheria za Marekani zinaingia. Ikiwezekana, andikeni mkataba kwa euro.

Cha nne ndicho cha kweli: upande wa pili yumo kwenye orodha, au kampuni yake inamilikiwa na aliyeorodheshwa kwa asilimia 50 au zaidi, au anaiongoza kwa mlango wa nyuma. Hapa simama kabisa. Usipeleke bidhaa, na, hili ndilo watu wasilolijua, usirudishe pesa. Kurudisha malipo kwa mtu aliyefungiwa mali ni kumpa mali. Zuia fedha zilipo, toa taarifa kwa mamlaka ya nchi yako inayohusika na vikwazo, na usubiri maelekezo. Orodha ya Umoja wa Ulaya ni ya wazi na bure. Uingereza ina yake, Uswisi ina yake, kwa hiyo mteja anayepita moja hajapita zote.

Dalili: mtengenezaji amekataa kukuuzia, au forodha imezuia vipuri vinavyotoka

Unauza beringi za malori kwa mteja wa Dubai, Mswahili mwenzako, anayezipeleka Tanga na Lubumbashi. Miaka iliyopita hakuna aliyeuliza. Leo mtengenezaji anataka mkataba wa kurasa sita.

Chanzo ni vita vya Ukraine. Umoja wa Ulaya, Marekani, Uingereza na Japani wana orodha ya pamoja ya bidhaa ambazo Urusi inazihitaji kwa silaha zake, na beringi za magari zimo sambamba na saketi za kompyuta. Tangu 20 Machi 2024, anayeuza bidhaa fulani nyeti nje ya Umoja, isipokuwa kwa nchi chache washirika, lazima mkataba wake umkataze mnunuzi kuzipeleka Urusi. Falme za Kiarabu, Kenya na Tanzania hazimo katika nchi hizo washirika. Sharti likikosekana, kosa ni lako uliyeko Ulaya, hata kama kila beringi ilifika Tanga salama.

Afisa anatazama alama hizi: mnunuzi aliyeanzishwa baada ya Februari 2022, oda kubwa kuliko soko lake, mpokeaji ambaye ni wakala wa usafirishaji tu, malipo yanayotoka nchi ya tatu, na mtu asiyetaka kusema bidhaa inaishia wapi. Ndugu wengi wa Dubai wana alama mbili tatu kati ya hizo bila hatia yoyote, maana ndivyo biashara ya Ghuba na pwani yetu ilivyokuwa siku zote. Kwa hiyo wasaidie wajenge ushahidi. Pata tamko la mtumiaji wa mwisho lililotiwa saini. Mzigo ukifika, omba nakala ya tamko la uingizaji lililopita TRA au KRA. Faili lenye mizigo mitatu ya namna hiyo linafungua milango ambayo maneno hayafungui.

Bidhaa zenye matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi, zina sheria yake, kanuni namba 2021/821. Mfano ulio karibu nasi ni kamera za joto wanazotaka askari wa wanyamapori wa Tsavo na Serengeti. Nia ni njema, lakini kamera nyingi za aina hiyo zinahitaji leseni. Mojawapo ya vigezo ni kasi ya picha: zisizozidi 9 kwa sekunde hupata nafuu katika baadhi ya makundi. Uliza ofisi ya leseni, BAFA ukiwa Ujerumani au CDIU ukiwa Uholanzi, kabla ya kutoa bei kwa mteja.

Dalili: kontena la mtumba limefunguliwa, na friji zimeitwa taka

Friji, televisheni na mashine za kufulia zilizotumika zinaruhusiwa kutoka zikiwa bidhaa, si taka. Tofauti lazima uithibitishe wewe: ankara, rekodi ya majaribio kwa kila kifaa inayoonyesha kwamba kinafanya kazi, na ufungashaji unaokilinda. Friji iliyolazwa juu ya matairi bila karatasi ni taka machoni pa mkaguzi, na kupeleka taka za umeme Afrika ni marufuku. Friji za zamani zenye gesi ya R-12 au R-22, zinazoharibu tabaka la ozoni, hazipelekwi hata kama zinagandisha barafu. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujainunua. Nchi yetu ndiyo inayobaki na mabati na gesi hiyo, kwa hiyo mkaguzi huyo nampa ushirikiano wangu wote.

Dalili: mzigo ulipita zamani, sasa umepokea barua

Forodha inaweza kukudai ushuru hadi miaka 3 baada ya deni kuzaliwa. Mara nyingi chanzo ni uasili: waliwaandikia wenzao wa nchi ya asili wakiomba uthibitisho wa tamko, jibu halikuja kwa wakati, au lilikuja kwamba muuzaji hana kumbukumbu. Kwa sababu hiyo mwombe muuzaji nakala za mikataba ya wakulima na hati za ghala siku ya ununuzi, wakati bado anakuhitaji.

Barua ya kwanza kwa kawaida si hukumu. Ni taarifa ya kile wanachokusudia kuamua, na una siku 30 za kujieleza. Watu huiweka mezani wakiiogopa, siku zinapita, na uamuzi unatoka bila sauti yao. Jibu, hata kwa kurasa mbili, ukiambatisha kila ulichonacho. Na wakati faili liko wazi mbele yako, pitia pia ya nyuma ukitafuta ulipolipa zaidi: nauli ya lori iliyomezwa kwenye bei, tamko la uasili lililochelewa kufika. Maombi ya kurudishiwa ushuru nayo yana miaka 3 tangu ulipojulishwa deni.